Ubao wa Saa Tatu

Kila siku ya Mungu, ikifika saa tatu kamili asubuhi, Attracta Duignan alifungua mlango wa nyuma akatoka, daftari kwapani na rula mfukoni. Inyeshe isinyeshe, yeye alitoka. Alizunguka pipa la maji ya mvua, akasimama mbele ya ubao mweupe uliolala kwenye nyasi, mkubwa kiasi cha sinia la watu sita. Kwanza aliinua uso kutazama moshi wa jirani unaelekea wapi. Kisha aliinama juu ya ubao, midomo ikimchezacheza, maana alikuwa na tabia ya kusoma namba kwa sauti. Akiisha kuandika alisimama kidogo, kimya, halafu akarudi ndani kwenye chai yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, wasemavyo, na Attracta alikuwa ameinama miaka kumi na mmoja.

Alichokitaka ni theluji. Wala si ile ya kupepea mara mbili hewani ikafa kabla ya kugusa nyasi. Hiyo aliiona sana. Yeye alitaka theluji iliyolala, inayopimika kwa rula.

Usicheke. Watu wa aina yake wamejaa Ireland nzima, wauguzi kwa madereva wa malori, na ikifika Novemba huwaambii kitu. Wanakodolea rada za simu zao kama wengine wanavyokodolea mpira. Attracta alikuwa mmoja wa sitini waliokusanyika kwenye kundi la simu, na mwenye kundi alikuwa Fergal Mangan, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mtu wa kelele na gari bovu aina ya jipu. Fergal ndiye aliyetunza jedwali. Kila masika alilitoa: jina, kijiji, na kina cha theluji iliyolala. Sheria yake ilikuwa moja: ubao mweupe, saa tatu asubuhi, macho yako na rula yako. Aliyekosa saa tatu amekosa. "Picha si kipimo," alizoea kusema, "na kukisia ni uongo uliovaa tai."

Kwenye mstari wa Attracta, kijiji cha Portmurrin, pwani ya Meath, kila mwaka iliandikwa sifuri.

Kisa chake ni Kisiwa cha Man. Upepo wa baridi ukitoka kaskazini-mashariki hupita juu ya bahari yenye uvuguvugu, ukabeba unyevu, ukajipanga mikanda mikanda ya manyunyu ya theluji mpaka pwani. Sasa kile kisiwa kimekaa katikati ya bahari na mlima wake, kinaukata mkanda. Nyuma yake hubaki njia kavu, nyembamba, ndefu, na mwisho wa njia hiyo, kama mtu aliyepiga rula kwenye ramani, ndipo iliposimama nyumba ya Attracta. Kushoto kwake kweupe, kulia kwake kweupe, yeye jua linamwakia usoni! Kundini walimwita Malkia wa Kivuli.

Mara moja tu Portmurrin ilifunikwa, ule mwaka wa theluji kuu, na wiki hiyo Attracta alikuwa Cork, binti yake Gráinne anajifungua. Alimpakata mjukuu huku roho inamuuma kwa ajili ya ubao wake, mpaka akajionea haya. Kwenye daftari wiki ile ina vistari vitupu. Ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume.

Ubao wenyewe aliukata na kuupaka rangi mumewe Enda, vuli ile ile walipohamia. Hakuwahi kuuona kazini. Moyo ulimsimama akipanda ngazi, wakampeleka kwao Roscommon kuzikwa karibu na mama yake, kama alivyotaka. Attracta aliporudi peke yake, kesho yake tu alichukua sepeto, akasawazisha nyasi nyuma ya pipa, akaulaza ubao. Alihitaji kufanya kitu kwa mikono.

Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Christy Tuite, mzee wa miaka sabini na tisa, mstaafu wa reli. Kwa umbea hakuwa na mpinzani. Aliuliza fundi wa bomba kalipwa nini, mgeni wa Jumapili ni nani, na Gráinne ataolewa lini na yule bwana. Lakini kuhusu ubao, miaka kumi na mmoja, hakuuliza neno. Attracta akitoka saa tatu, redio ya mzee ilizimwa papo hapo. Akimkuta uani, mzee alivua kofia, akaingia ndani taratibu. Attracta aliichukulia kuwa salamu, ila ilimkera. Mtu mwenye shauku na jambo anatamani kuulizwa, jamani! Angemweleza habari za upepo mpaka chai ipoe. "Mzee yule," alimwambia Gráinne kwenye simu, "ana udadisi wa kila kitu kasoro kilicho cha maana."

Basi mwaka huu Attracta aliiuza nyumba. Gráinne alikuwa na watoto wawili na kazi ya zamu, na aliomba, akaomba tena. Wabeba mizigo walipangwa Jumamosi. Cork ni kusini na bahari ya huko ina joto, theluji watu huisikia kwa jirani. Na wiki hiyo hiyo ya mwisho, Jumatatu, baridi kali ikaingia kutoka kaskazini-mashariki.

Kundi likawaka moto. Attracta alikesha na daftari zake? La, hakukesha, ana akili zake. Lakini Jumanne mchana kutwa alizitandaza mezani, kumi na moja zote, akafuata mstari wa moshi. Mzee Tuite aliwasha makaa asubuhi na jioni, na moshi wake ulikuwa bendera ya bure. Siku zote za kivuli, moshi ulielekea kanisani. Attracta akajiuliza: je, upepo ukigeuka kidogo tu, ukatoka mashariki kabisa, moshi ukaelekea reli? Kivuli cha kisiwa si kitasogea kaskazini, kimwachie mkanda? Hakuwahi kuiona asubuhi ya namna hiyo ndani ya daftari hata moja. Akaandika kundini: "Mimi nadhani Alhamisi alfajiri moshi utaelekea reli."

"Malkia, moshi huo ni wa sigara gani?" akajibu mmoja.

Fergal alipiga simu. "Attracta, mama, sikiliza. Mimi nakupenda, lakini usife na sifuri. Jumatano napanda milima ya Wicklow. Theluji huko imeshatabiriwa. Tutalala kwa dada yangu, asubuhi utapima mpaka rula iishe."

"Nikipima huko si Portmurrin."

"Portmurrin! Miaka kumi na mmoja umekaa kama mvuvi wa kwenye karo la vyombo! Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, mama. Twende."

Alisita. Alitoka uani, akatazama moshi. Kanisani, vilevile, kama mtu aliyekataa kusikia. Ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo watu hawa peke yao hulifanya: akaacha mahali alipopasoma miaka kumi na mmoja, akafuata mawingu ya wenzake. Jumatano saa nane mchana alipanda jipu la Fergal. Mzee Tuite alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi na baridi hii, Bi Duignan?"

"Kutafuta theluji, Bwana Tuite."

"Kuitafuta!" Mzee alitikisa kichwa. "Mimi nilidhani inakuja yenyewe."

Wicklow iliwapa manyunyu mawili ya chembechembe jioni hiyo, kisha mbingu ikafunguka. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi Attracta alifungua pazia kwa dada yake Fergal, akaona nyasi, na juu yake nyota zinang'aa kwa kiburi. Upepo ulikuwa umegeuka. Akawasha simu. Kwenye rada mkanda mmoja wa manyunyu, mnene, ulikuwa umetoka kusini ya Kisiwa cha Man, umepita kati ya kisiwa na Wales, umenyooka moja kwa moja, na ncha yake imekaa juu ya Portmurrin.

"Fergal!" Aligonga mlango kwa ngumi. "Fergal, amka! Moshi umeelekea reli!"

Fergal alitoka na soksi moja. Akaiangalia rada, akaiangalia tena, akamwangalia Attracta. Hakusema mzaha, na hilo kwa Fergal ni kuomba radhi. "Tuna muda usiotimia saa tatu," alisema. "Vaa viatu."

Njiani Attracta hakuweza kunyamaza. Imeanza saa ngapi? Ni kavu au ya majimaji? Upepo si utaipeperusha ubaoni? Aliulaza nyuma ya pipa makusudi, pipa linaukinga, lakini je, linaukinga na upepo wa mashariki, ambao haukuwahi kuja? Alichokitaka sasa ni namba moja tu. Iwe moja, iwe nusu, lakini isiwe sifuri, na iwe ya Portmurrin, kabla ya Jumamosi.

"Ulijua," Fergal alisema, macho barabarani. "Uliandika kabisa, nami nikakutoa nyumbani kwako."

"Sikubebwa. Miguu yangu ndiyo iliyopanda jipu."

Walipopita Dublin barabara ikawa kijivu, mbele zaidi ikawa nyeupe. Kwenye daraja la kuingia Portmurrin lori lilikuwa limekwama mshazari. Saa mbili na dakika thelathini na nane.

"Shuka," alisema Fergal. "Kimbia. Mimi nitabishana na huyu."

Mwanamke wa miaka sitini na minne alikimbia. Alikimbia katikati ya barabara ambako hapakuwa na alama hata ya tairi, theluji ikilia chini ya buti, na mdomoni alikuwa akicheka peke yake. Ukuta wa kanisa ulikuwa umevaa mto mweupe. Vichaka, magari, mapipa ya taka, kila kitu kilikuwa kimenenepa. Nyumba ya kwanza nyeupe, ya pili nyeupe. Akafika kwake.

Kweusi.

Njia ya mbele ilikuwa imefagiwa mpaka saruji inaonekana, na juu yake imemwagwa chumvi na majivu ya makaa. Pembeni mwa nyumba, hivyo hivyo. Alisukuma lango la nyuma. Kiwanja chake ni kidogo, na kilikuwa kimekwanguliwa mpaka nyasi zimelala, na theluji yote imerundikwa ukutani kama nguo chafu. Mzee Tuite alikuwa amesimama katikati na sepeto, anahema, uso mwekundu, amejaa furaha.

"Bi Duignan! Keshokutwa wabeba mizigo watapitia nyuma, mlango wa mbele mwembamba, nikasema wasije wakateleza na kabati lako. Nimeanza saa kumi na mbili."

"Umefanya nini?" Sauti ilimtoka Attracta kama si yake. "Bwana Tuite, umefanya nini, lo! Nani kakutuma? Miaka kumi na mmoja! Miaka kumi na mmoja nasubiri, siku moja, siku moja nimeondoka, wewe unachukua sepeto!"

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Furaha ilimtoka usoni. "Nimekusafishia njia," alisema polepole.

"Sikuomba kusafishiwa!"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyajali. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi.

"Kama ni kwa ajili ya yeye," akasema, "yeye sikumgusa."

"Yeye nani?"

"Enda." Mzee aliinua kidevu kuelekea pipa. "Mungu amrehemu. Siwezi kumwekea mume wa mtu sepeto. Pale nimefagia kandokando kwa brashi ya viatu, nimepiga magoti. Juu yake hata unyoya haujaguswa. Nenda katazame."

Attracta alizunguka pipa. Ubao ulikuwa pale, na juu yake theluji imekaa mraba, pembe zake nne kamili, bapa, haina shimo la ndege wala tone la pipa. Pembezoni nyasi zilikuwa safi kama zimechanwa kwa chanuo. Kengele ya kanisa ikaanza kupiga saa tatu.

Alitoa rula. Akapiga magoti, akaitumbukiza katikati mpaka ikagusa mbao.

Nyuma yake mzee alishtuka. "Mama wa Mungu! Unampima?"

Hapo Attracta alivunjika. Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi zenye maji, akalia, akacheka tena, na mzee kasimama na kofia yake hajui ashike lipi. "Enda yuko Roscommon," alisema alipopata pumzi. "Karibu na mama yake. Huu ni ubao wa kupimia theluji."

"Wa nini?"

"Theluji. Inapimwa saa tatu. Kila siku."

"Lakini siku zote hizo… ulirudi kutoka mazishini, ukachimba. Kumbe wamemchoma, anazika majivu yake, nikasema. Halafu kila asubuhi unatazama mbinguni, unainama, unasali."

"Nilitazama moshi wako. Nilikuwa nasoma namba."

Mzee Tuite aliipiga kofia pajani. Uso ulipanda wekundu mpaka masikioni. "Ebo! Miaka kumi na mmoja nazima redio! Taarifa ya habari ya saa tatu, mwanamke! Tangu huyo mumeo afe sijui dunia inakwendaje mpaka saa nne! Na ule mwaka wa theluji kuu, ulipokwenda kwa binti yako, nilikuja nikasimama hapa badala yako kila asubuhi, mvua ya mawe inanipiga, nikamsomea Baba Yetu!"

"Ulisimama hapa?"

"Ndiyo! Akae peke yake?"

Attracta hakucheka tena. Alimtazama mzee huyu aliyemdhania hana udadisi, na alijisikia mdogo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na mtu upande wa pili wa ukuta aliyemlindia huzuni ambayo hata yeye hakuiweka pale, na hakumwuliza kwa sababu aliona si jambo la kuulizwa. Alifuta macho kwa mkono wa koti.

"Christy," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo. "Njoo unisomee. Sioni vizuri."

Mzee aliguna, akapiga magoti kwa awamu mbili, akavaa miwani.

"Saba."

"Sentimita saba kamili?"

"Saba na kidogo."

"Kidogo hakiandikwi. Sema vizuri, hii inakwenda kwenye jedwali."

Mzee alisogeza pua mpaka karibu iguse theluji. Kwa mara ya kwanza Attracta aliona ule umbea wake umegeukia mahali pazuri. "Saba nukta nne," alisema. "Na hii rula yako imechakaa penye namba nne, ungeibadilisha. Kwa nini lakini huku ni saba na pale ukutani ilikuwa inanifika kwenye goti?"

"Upepo umeirundika. Ndiyo maana ya ubao."

"Aaa." Akafikiri. "Na moshi wangu?"

Wote wawili walitazama juu. Moshi wa mzee ulikuwa umelala kuelekea reli, mnyoofu. Attracta aliandika, huku Fergal akiingia langoni anatweta na kuuliza ngapi, ngapi, sema basi. Alipoambiwa, alikaa kwenye ndoo na kujishika kichwa, kisha akataka amwone shahidi.

Jumamosi kabati lilipita mlango wa nyuma bila mtu kuteleza. Theluji ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Kabla ya kuondoka Attracta alimsaidia mzee kuvusha ubao upande wa pili wa ukuta, wakausawazisha kwa kijiko cha bustani, na ndani ya daftari jipya akaandika: kituo kimehamishwa hatua sita mashariki, mpimaji amebadilika.

"Na siku nikikuta hakuna kitu?" mzee aliuliza.

"Unaandika sifuri."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa tatu."

Jumatatu, huko Cork, mvua vuguvugu ilikuwa inapiga dirisha la jikoni na wajukuu wamemwaga uji mezani. Dakika mbili baada ya saa tatu simu ililia.

"Sifuri," alisema Christy Tuite. "Moshi kanisani. Na habari nimezikosa tena, kwa sababu mkono ulikwenda wenyewe ukazima redio."

"Sasa unaweza kuiacha, Christy. Hakuna aliyezikwa pale."

Mzee alisikika akivuta kiti upande wa pili.

"Najua," alisema. "Lakini nimeshamzoea."